Bango Lenye Mkato

Machi 6

Mvua ya kwanza imenikuta juu ya ngazi, nimeshaandika "DUKA LA VI" na bado "TABU". Nikakusanya brashi nikakimbia. Mwenye duka ameniambia niache hivyo hivyo, wanaojua kusoma watamalizia wenyewe. Nimecheka njia nzima.

Masika yameingia, basi. Rangi ya mafuta haikauki kwenye unyevu, na wateja hawataki kuvuka kidaraja kuja kwangu wakichafua viatu. Kazi ikilala mdomo huamka, nami sina wa kugombana naye humu ndani. Ndiyo maana nimeanza kuandika hapa.

Machi 8

Nilisema sina wa kugombana naye. Mungu ana masikio. Leo amekuja Shangazi.

Ni dada yake marehemu baba, fundi cherehani mstaafu, mwembamba, mkali, mpenda sukari. Paa lake linavuja, na fundi wa mabati amekataa kupanda mpaka mvua ziishe, kwa hiyo atakaa kwangu masika yote. Amekuja na cherehani yake, mfuko wa nguo na mto wake wa kulalia, kwa sababu mito ya watu, anasema, ina ndoto za watu. Nimempa kitanda. Mimi nitalala karakana, katikati ya makopo ya rangi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Na huo mlango unalilia mafuta. Na hiyo harufu ni ya nini?"

"Mtaro, Shangazi. Uko hapo mbele."

Akachungulia dirishani, akachukua muda wake. "Huo si mtaro," akasema. "Huo ni mto. Umechafuka tu."

"Mto ni huo ulioukumbatia."

Hakucheka. Akaenda kuutandika mto wake kitandani na kuniuliza sukari iko wapi.

Machi 9

Shangazi anakoroma. Akiwa macho anagonga vidole mezani, to-to-to, kama anahesabu. Sijui anahesabu nini.

Machi 12

Kazi! Bwana Afya wa manispaa amekuja na mwavuli, kijana mpole anayefuta miwani kila baada ya sentensi. Anataka mabango mawili. La kwanza ni la sasa, lisimame pale kidarajani: USITUPE TAKA HAPA. La pili ni la baada ya mvua: MAEGESHO YA MAGARI. Kwa sababu masika yakiisha manispaa itaufunika mtaro kwa zege, toka juu mpaka chini, na juu yake magari yataegeshwa.

Nimefurahi mno. Miaka yote karakana yangu imejificha nyuma ya uchafu huu. Sasa mteja atashuka kwenye gari na kuingia mlangoni kwangu bila kuziba pua. Nilimwambia Shangazi habari hizo nikidhani atanipongeza.

"Watauzika ukiwa hai," akasema, na kuendelea kukoroga chai.

Huwezi kumfurahisha huyu mama hata kwa dawa.

Machi 13

Leo tumegombana rasmi.

Ubao wa manispaa ni mrefu. Nilipanga maneno yakae nusu ya kushoto, na kulia nichore pipa la taka. Nilikuwa nimefika kwenye A ya mwisho, nikijisomea kwa sauti kama kawaida yangu. Kule nyuma cherehani ikanyamaza.

"Rudia," Shangazi akasema.

"Usitupe taka hapa."

Vidole mezani. "U-si-tu-pe-ta-ka-ha-pa. Nane! Nani amekutungia?"

"Hakuna aliyetunga, Shangazi. Ni tangazo."

"Manispaa haijui ilichokisema. Hiki ni kipande cha kwanza cha mshororo. Mizani nane, kina chake 'pa'. Sasa kipande cha pili kiko wapi? Huwezi kumwacha mtu na mguu mmoja hewani."

Nikamweleza kuhusu pipa. Akauliza pipa lenyewe liko wapi hapa mtaani. Nikasema halipo. "Kwa hiyo utachora uongo," akasema. Nikaona ni kweli, halafu nikaudhika kwa kuona ni kweli. Ili nipate amani nikachovya brashi, nikaweka mkato baada ya HAPA, nikamwambia haya, nipe hicho kipande chako.

Akajiweka sawa kitini, akafumba macho. "Usitupe taka hapa, mto huu mama yenu."

"Shangazi!"

"Nane kamili. Hesabu."

"Sihesabu. Siwezi kuandika 'mama yenu' kwenye bango la serikali! Nitapigwa hapo hapo darajani na brashi yangu mkononi."

"Mtu mwenye akili atajua ni mama wa heshima."

"Mtu mwenye akili hasimami kusoma mabango ya taka!"

Hapo akakasirika kweli, akaingia chumbani na mfuko wa sukari. Nimebaki na ubao wenye nusu ya sentensi, nusu ya uwazi, na mkato katikati. Rangi ya mafuta haina kifutio. Ukiikwangua unaharibu weupe wote wa ubao.

Machi 16

Nimelisimamisha bango kidarajani pamoja na mkato wake. Bwana Afya ameliangalia, amefuta miwani, ameliangalia tena. "Kuna kitu kinakuja?" akauliza. Nikamjibu kwamba rangi haijakauka.

Machi 19

Asubuhi hii kwenye ule uwazi kuna maandishi ya chaki:

USITUPE TAKA HAPA, *nitupe wapi mwenzenu?*

Mtaa mzima unacheka. Nilikimbia kumwambia Shangazi, nikidhani atakasirika. Vidole vikaenda. "Ni-tu-pe-wa-pi-mwe-nze-nu." Akapiga kofi. "Nane! Na swali lenyewe ni la haki. Nani huyu?"

Chaki ni ya bluu, bapa, ile ya mafundi cherehani. Nimemtazama Shangazi. Amenitazama na yeye. "Chaki ni nyingi duniani," akasema.

Machi 20

Mvua imeifuta chaki yote. Nashangaa kwamba nimesikitika.

Machi 24

Ni Kinyozi! Duka lake liko milango miwili kupita wangu, na kila jioni anafagia nywele kwenye ndoo na kuimwaga mtaroni kutoka kidarajani. Shangazi alimpa chaki siku alipokwenda kupunguziwa nywele za kisogoni. Mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "kaa" na "tayari".

Sasa kila mvua ikifuta, mwingine anaandika. Dobi wa mtaa, bwana mnene mcheshi anayemimina maji ya sabuni humo humo, aliandika jana: *mtaroni si jaa lenu*. Shangazi akavua ndala, akavuka matope kwa miguu mitupu, akaenda kumtafuta.

"Umezidisha, baba. M-ta-ro-ni-si-ja-a-le-nu. Tisa. Mshororo wako una kitambi kama wewe."

"Nitoe nini, Mama?"

"Toa huo mtaro. Sema mto. M-to-ni-si-ja-a-le-nu."

Dobi akahesabu kwa vidole vyake vilivyochujuka kwa sabuni, akafuta kwa kiwiko, akaandika *mtoni*. Akalisoma lote mara mbili, polepole. Leo nimemsikia akimwambia mteja apeleke shuka zake "kule upande wa mto". Ni kwa ajili ya mizani tu, najua. Lakini amesema.

Machi 29

Mvua. Mvua. Shangazi ameshinda karata zote kwa kuiba.

Aprili 4

Kinyozi ameacha kichwa cha mteja nusu. Nusu kina nywele, nusu kipara, mteja amefunikwa shuka kitini, na Kinyozi yuko nje kidarajani na mkasi mkononi, kasimama kimya. Nilikwenda kuona kuna ajali gani.

"Sogea taratibu," akaninong'oneza.

Kwenye bomba la zamani linalokatiza maji ameketi ndege mdogo, mgongo wa bluu, tumbo la rangi ya kutu mpya, mdomo mrefu kuliko busara yake. Akajitupa majini, akarudi na kitu kinachong'aa. Samaki! Humo! Mimi nachanganya rangi kwa riziki yangu, na bluu ile sijawahi kuipata kwenye kopo lolote.

"Anaitwa nani?" Kinyozi akauliza. "Ninatafuta neno la kujaza, na huyu ananifaa, lakini simjui jina."

Mimi nikamwambia ni ndege tu. Dobi naye akasema ndege tu. Mteja mwenye nusu kichwa, aliyekuwa ametufuata na shuka lake, akasema kwao wanamwita ndege wa bluu. Ikabidi tumwite Shangazi.

"Mdiria," akasema toka dirishani, bila hata kuvaa miwani. "M-di-ri-a. Mizani nne."

USITUPE TAKA HAPA, *pana mdiria wenu*.

Nimekaa kwenye dirisha hili miaka mingi. Nimehesabu herufi, nimepima ubao, nimelaani harufu. Yule ndege hakuletwa na chaki, alikuwepo. Nimejisikia vibaya kwa namna ambayo siwezi kuieleza, halafu vizuri.

Aprili 6

Watu wanasimama darajani kumngojea mdiria. Mmoja alikuwa na mfuko wa taka mkononi. Alisoma bango, akamwangalia ndege, akaondoka na mfuko wake. Sijui aliutupa wapi. Swali la Kinyozi bado halijajibiwa.

Aprili 11

Tumekatiwa umeme, hapakuwa na la kufanya. Shangazi alikuwa anapinda upindo wa nguo dirishani nami nakoroga rangi, mvua inapiga bati. Nikamuuliza mizani alijifunza wapi.

"Kwa baba yako," akasema. "Tukiwa wadogo tulikuwa tunateka maji pamoja, njia ndefu. Yeye anaangusha kipande cha kwanza, mimi nakipokea. Ukishindwa kupokea kabla ya kufika mti wa mwisho, unabeba ndoo zote mbili. Tulifanya hivyo mpaka uzeeni, kwenye simu. Ananipigia, hata salamu hatoi. Anaangusha nusu, anangoja."

Sikujua. Nilikuwa nikimsikia baba kwenye simu akisema vitu visivyo na kichwa wala miguu, kisha anacheka peke yake. Nilidhani ni uzee.

"Tangu aondoke," Shangazi akasema, "vipande vinakuja tu nusu nusu. Navisikia kila mahali. Hakuna wa kunijibu."

Akakata uzi kwa meno. Nilitaka kumshika mkono lakini wangu ulikuwa umejaa rangi nyekundu.

Aprili 12

Nimenunua sukari mifuko miwili.

Aprili 19

Naandika nikiwa kwa Kinyozi, kwenye kiti chake cha kunyolea.

Mvua haijakatika tangu juzi. Alfajiri nimeamshwa na makopo yangu yakigongana, nikashusha mguu toka kwenye godoro, mguu ukaingia majini. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango kama mwenye nyumba anayekuja kudai chake. Nilipofungua mlango wa chumbani yakaniwahi na kuingia mbele yangu. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, miguu ameikunja, cherehani ameipandisha mapajani, mtu wa mifupa mitupu! Sijui aliinyanyuaje.

"Umechelewa," akasema. "Chukua cherehani kwanza."

"Nakuchukua wewe kwanza."

"Basi na mto wangu."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikaiweka cherehani juu ya kabati, nikampa mgongo, akanipanda, mto kauweka kichwani kaushika kwa mkono mmoja. Nje maji yalinifika kiunoni. Mtaa haukuwepo tena, yalikuwepo maji tu, ya kahawia, yanakimbia na viti vya watu. Milango miwili tu hadi kwa Kinyozi, naye alikuwa amesimama kwenye ngazi zake za juu akitupungia, lakini sikuona chini, na kila hatua niliitafuta kwa kidole kabla ya kuikanyaga. Shangazi hana uzito. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko maji, kwamba mtu anayejaza nyumba namna ile hana uzito hata kidogo. Niliwaza, nikiteleza hapa ataondoka, na nitabaki sina mtu. Nilitaka kulia na sikuwa na mkono wa kufutia.

Nikasikia vidole vyake begani kwangu, to-to-to.

"Shangazi, unahesabu sasa?"

"Nahesabu ili nisiogope. Tembea."

Kinyozi alitupokea, akamketisha, akamfunga shuka la wateja. Mimi niligeuka mlangoni nikautukana ule mtaro, matusi yote niliyonayo, na nina mengi kwa sababu ya kazi yangu ya ngazi. Nikasema na uzikwe. Nikasema waje leo na zege lao, nitawakorogea mimi.

Shangazi alingoja nimalize. "Haujatufuata," akasema. "Hebu tazama kidarajani. Umefungiwa njia."

Nikatazama. Upande wa chini wa kidaraja maji yalikuwa madogo, yametulia. Upande wa juu yalikuwa mlima. Chini ya daraja kulikuwa na kitu kimeziba kama kizibo cha chupa.

Aprili 20

Mvua ilipopungua tulishuka watu wote wenye mikono. Dobi na upondo wake wa kukorogea nguo, Kinyozi na reki, mimi na ndoano ya kutundikia mabango. Tulivuta toka asubuhi mpaka mchana. Mifuko, viatu, nusu ya godoro, kiti cha plastiki. Vilikuwa havitoki kimoja kimoja, vilikuwa vimeshonwa pamoja. Kinyozi akaingiza mkono ndani akavuta kilichovishona, na zikatoka nywele, nyingi, nyeusi na nyeupe, ndefu na fupi, zimesokotana zikawa kamba nene kama mkono wake.

Akasimama nayo. Maji yanamchuruzika. "Hizi ni zangu," akasema.

"Si zako, ndugu," Dobi akamwambia. "Ni zetu. Hapo mimi nimo, mpaka zile za harusi yangu."

Hakuna aliyecheka sana. Ndipo nilipoona, ndani ya lile pindo la uchafu, makopo ya rangi nyekundu, na juu yake mwandiko wa alama zangu. Nami nikasema na hayo ni yangu. Tulivuta tena, na kizibo kikatoka, na maji yakaondoka kwa mngurumo ambao mtaa mzima uliusikia.

Aprili 22

Bango limesimama, limejaa tope mpaka kwenye mkato. Kinyozi amelisafisha kwa taulo la dukani, kisha akaandika:

USITUPE TAKA HAPA, *kesho zitarudi kwenu*.

Shangazi hakuhesabu. Alilisoma toka dirishani, akaafiki kwa kichwa tu, kama mtu aliyeonja chai ikawa sawa.

Aprili 28

Bwana Afya kaja kuulizia bango la maegesho. Mafuriko yameleta haraka, anasema. Nikamwambia rangi haijakauka.

Mei 6

Kaja tena. Haijakauka.

Mei 9

Limekauka. Lilikauka zamani. Limeegemea ukutani, herufi zake zimenyooka, ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Nimeligeuza lielekee ukuta. Shangazi ameniona, akanisogezea kikombe cha chai.

Mei 13

Kinyozi sasa anaweka nywele kwenye gunia. Magunia matatu yako nyuma ya duka, na hajui ayapeleke wapi. Shangazi anasema mwanamume anayetunza magunia ya nywele za watu ama ni mchawi ama ni mchumba mzuri, akaniangalia. Nimejifanya natafuta brashi.

Mei 20

Leo ndiyo leo. Mkutano umefanyika kidarajani, mvua ya rasharasha, Bwana Afya na karatasi yake chini ya mwavuli.

"Kuhusu ufunikaji wa mtaro..."

"Mto," mtu akasema nyuma. Nadhani alikuwa yule mteja wa nusu kichwa.

"Samahani?"

"Mto!" Sasa walikuwa wengi.

Alifuta miwani. Mwenye nyumba, ambaye nusu ya mtaa inapanga kwake, akaingilia. "Mtaro, mto, jina halitoi harufu. Mwezi uliopita maji yaliwatoa vitandani, na leo mnayabembeleza? Mto mimi naujua ule wa kulalia. Huu ufunikwe tulale."

Watu wakaguna, kwa sababu si uongo. Nilimwona Dobi akiangalia viatu vyake. Kinyozi akainua mkono, sauti yake ikitoka kwa shida. "Safari iliyopita tuliuzibua kwa sababu tuliuona. Ukifunikwa tutautupia kupitia kwenye nyufa, kama kawaida yetu. Utaziba. Tutauzibua na nini?"

Bwana Afya akanigeukia. "Fundi, wewe utafaidika kuliko wote hapa, barabara itafika mlangoni kwako. Na bango langu? Bado halijakauka?"

Ningesema tu bado. Angenisadiki, ni kijana mpole. Nilimtazama Shangazi kwenye kiti alicholetewa, mwavuli wa Dobi juu yake, vidole kimya magotini.

"Limekauka tangu mwezi uliopita," nikasema. "Sikutaka kukupa. Ni kweli barabara ningeipenda, Bwana Afya, sitakudanganya tena. Lakini mimi nilikuwa natazama hapa kila siku na naona mtaro, mpaka watu hawa wakaanza kuandika upuuzi wao na chaki. Sasa nikitazama naona mto, na siwezi kurudi nyuma. Nimejaribu."

Sijui kama ilikuwa hotuba.

Bwana Afya alitazama karatasi muda mrefu. "Kuna jambo," akasema. "Idara yangu inashughulika na mitaro. Kama ni mto, si wangu. Nikiandika 'mto' hapa, faili linahamia kwa watu wa mito."

"Na litarudi lini?" Mwenye nyumba akauliza.

"Mafaili ya mito?" Akafuta miwani. "Wajukuu wako wataliona."

Kicheko kilichopanda pale kilimfukuza mdiria kwenye bomba. Akachukua kalamu, akakata neno, akaandika juu yake jingine. Watu walipotawanyika nilimwona amesimama peke yake mbele ya bango, midomo inacheza, kidole kinagonga mpini wa mwavuli.

"Kweli," akaniambia. "Mtaro ungezidisha mizani."

Mei 27

Pipa limefika! La chuma, kubwa, la kijani, limewekwa pembeni ya kidaraja kwa amri ya Bwana Afya. Kinyozi ameingiza magunia yake matatu mbele ya mashahidi. Harufu ya mto bado ipo. Lakini imepungua, au pua zetu zimekuwa na subira.

Juni 2

Siku tatu hapana mvua. Fundi wa mabati amempigia Shangazi, paa limeezekwa, aje.

Juni 4

Ameondoka asubuhi. Kinyozi alibeba cherehani mpaka barabarani, Dobi alibeba mfuko. Nilimwambia abaki, akaniambia nyumba yake nayo ina haki ya kumsikia akikoroma. Gari lilipoanza kwenda alitoa mkono dirishani, sijui ni kuaga au kuhesabu.

Nyumba ni kubwa mno. Nimekuta mto wake kitandani, umetandikwa vizuri, katikati.

Juni 6

Watu wamenijia. Masika yamekwisha, chaki haitafutika yenyewe tena, kwa hiyo wanataka niandike kipande cha pili kwa rangi ya mafuta, kibaki. Kila mmoja anataka chake. Nimewaza usiku wote, na asubuhi nimekwenda kidarajani na kopo la rangi nyeusi ya ubao, ile wanayopaka mashuleni. Nimeipaka nusu yote ya kulia, toka kwenye mkato mpaka ukingoni. Chini yake nimetundika kikopo chenye chaki. Leo rangi imekauka kabla sijafika nyumbani.

Alasiri, kidaraja kikiwa kitupu, nimerudi nikaandika changu. Sijawahi kutunga kitu maishani. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, mtu asinione. Kisha nikampigia.

"Shangazi, umesahau mto wako."

"Sijausahau," akasema. "Nimekuachia."

Nikamwambia sawa, nautunza. Nikamwambia sikiliza, nikamsomea:

"Usitupe taka hapa, mto ni shangazi yenu."

Nikavisikia vidole vyake mezani, huko mbali, polepole, to, to, to, mpaka mwisho.

"Nane," akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Nani amekutungia?"

"Mimi."

Hakunisifu. Alipenga kamasi, akakohoa, nikasikia kijiko kikikoroga kitu. Nilidhani atakata simu.

"Masika yametuaga," akasema, na akanyamaza.

Nilifungua mdomo kumwambia ndiyo, huku pia yamekwisha. Nikaufunga. Zilikuwa nane. Alikuwa ananingoja.